Mtoto Asiyesikia

Kwa miaka 11 nilikuwa katibu wa kwaya ya usharika wetu. Katika muda huo niliandika mihtasari ya vikao isiyo na idadi, na leo naukumbuka mmoja tu. Ajenda ya tatu ilikuwa maombi ya wanakwaya wapya. Waombaji walikuwa wanne. Watatu tuliwapokea bila maneno mengi. Wa nne alikuwa binti wa miaka 14 ambaye masikio yake yalianza kudhoofika akiwa darasa la pili, baada ya homa kali, na kufikia wakati ule hakuweza kumsikia mtu aliyemwita kwa nyuma. Mama yake ndiye aliyeniletea jina, kwa sababu binti alikuwa amemng'ang'ania wiki nzima alilete.

Tulizungumza kwa dakika tano hivi. Mwalimu wa kwaya alisema atawatoa wenzake kwenye sauti. Mzee mmoja alisema tusimpeleke mtoto mbele ya washarika akaaibike. Mimi sikusema kitu. Niliandika kwamba ombi halikukubaliwa kutokana na hali yake, na kwamba mzazi aelezwe kwa upole.

Nikatumwa mimi kwenda kueleza kwa upole. Nilimkuta mama akianika nguo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Haya, dada katibu, nimekuelewa," akainama kuokota shuka lingine kwenye beseni.

Binti hakuacha kuja ibadani. Alikaa kila Jumapili mahali palepale, kwenye benchi la pembeni lililogusana na spika kubwa, nyayo zake kwenye ubao wa jukwaa la kwaya, viatu amevivua na kuvisukuma chini ya benchi. Wahudumu wa mlangoni walimkanya mara mbili tatu kuhusu viatu. Alivivaa, na walipogeuka tu akavivua. Tukasema ndiyo hivyo, mtoto asiyesikia.

Naomba msomaji asiharakishe kutuhukumu, maana hoja yetu haikuwa ya kipumbavu. Si kila kukataliwa ni uonevu. Usharika hauwezi kumpa kila mtu kila kazi anayoitaka. Asiyejua hesabu hapewi uhasibu kwa kuwa tu anampenda Mungu, na asiyeona hapewi usukani wa basi la vijana wanaokwenda kongamano. Paulo mwenyewe anawaambia Wakorintho kwamba viungo ni vingi na kazi zake hazifanani. Kuimba kunahitaji sikio. Huyu hana sikio. Basi Mungu amemwandalia kazi nyingine. Kwa miaka mingi niliona hoja hiyo imenyooka kutoka mwanzo hadi mwisho. Nilisikitika, lakini sikujilaumu.

Palipooza ni pale mwanzo kabisa, na ningependa kusema kwamba nilipagundua kwa maombi au kwa kusoma Biblia. Sivyo. Nilipagundua kwa mtoto wa kaka yangu, anayesoma muziki, siku aliponionyesha video ya mwanamke mwenye nywele ndefu akipiga ngoma na marimba mbele ya okestra nzima, hana viatu miguuni. "Shangazi, huyu ni kiziwi," akaniambia. Nilicheka. Nilidhani ananitania.

Mwanamke huyo anaitwa Evelyn Glennie. Alizaliwa mwaka 1965 kaskazini-mashariki mwa Uskoti, akakulia shambani, katika eneo la Aberdeenshire. Baba yake alipiga kodiani katika bendi ya dansi za kienyeji za huko. Yeye alianza piano akiwa na miaka 8, na ni katika umri huohuo usikivu wake ulianza kupungua. Alipofika miaka 12 alihesabiwa kuwa kiziwi wa kiwango kikubwa kabisa. Nadhani kwetu hadithi ya muziki wake ingeishia hapo, na angetumwa mtu wa kwenda kumweleza mama yake.

Lakini ilikuwa ndiyo kwanza inaanza. Shuleni alimwona mwenzake akipiga ngoma, akataka kujifunza. Mwalimu wa ngoma, Ron Forbes, alimkabidhi ngoma ndogo aende nayo nyumbani siku saba, bila vijiti. Mtoto akakaa na ngoma wiki nzima akiishika, akiigeuza, akiigonga kwa vidole. Baadaye Forbes alimsimamisha viganja vikiwa ukutani mwa darasa huku yeye akipiga timpani, zile ngoma kubwa za shaba ambazo sauti yake hupandishwa na kushushwa. Polepole msichana akagundua kwamba sauti nzito zilimfikia zaidi miguuni, na nyembamba zilimgusa usoni, shingoni na kifuani. Akajifunza kutofautisha noti kwa kuangalia imemgusa wapi. Aliacha kutegemea vifaa vya kusaidia kusikia. Hata baada ya kuwa maarufu aliendelea kupiga akiwa peku, ili sakafu ya jukwaa imletee habari.

Yeye mwenyewe amesimulia hadharani kwamba mwalimu alipomwuliza atafanyaje, maana muziki ni kusikiliza, alimrudishia swali: na wewe, unasikiaje? Mwalimu akajibu kwamba yeye anasikia kwa masikio. Msichana akasema hata yeye anadhani hivyo, lakini anasikia pia kwa mikono, kwa mifupa ya mashavu, kwa ngozi ya kichwa, kwa tumbo, kwa kifua na kwa miguu.

Wewe unasikiaje? Katika zile dakika tano za kikao chetu hakuna aliyejiuliza. Tulikuwa watu saba wenye masikio mazima, na hakuna hata mmoja wetu ambaye angeweza kueleza kusikia ni nini.

Sauti ni mtikisiko. Ngozi ya ngoma ikipigwa hutetemeka, hewa iliyo karibu nayo inapokea, na hewa hiyo haichagui wa kumpelekea. Hupeleka ukutani, sakafuni, kwenye ubao wa benchi, kwenye mfupa wa kifua. Sikio ni mlango mmoja, mzuri kuliko yote, sikatai, lakini hata huo mlango una ngoma ndani yake. Kile kingozi chembamba kinachopokea sauti tunakiita kiwambo, jina lilelile la ngozi inayowambwa juu ya ngoma. Glennie anasema kusikia ni aina ya kugusa. Watu wake wa Kiingereza wanahitaji kuelezwa hilo kwa kirefu, kwa kuwa lugha yao imetenganisha kusikia na kuhisi.

Sisi hatuna udhuru huo. Kiswahili kilijua kabla yetu. Nasikia baridi. Nasikia njaa. Nasikia harufu ya vitunguu vinaungua. Mgonjwa akiulizwa na daktari hujibu anasikia kizunguzungu, na daktari haendi kumchungulia sikioni. Tunasema sikio la kufa halisikii dawa, na hakuna anayedhani dawa inapiga kelele. Tena, mtoto tunayemwita asiyesikia mara nyingi masikio yake hayana kasoro yoyote. Anasikia vizuri sana, isipokuwa hafanyi. Neno letu moja limebeba kupokea sauti, kuguswa mwilini, na kutii. Nililitumia neno hilo kila siku ya maisha yangu, na siku nilipolihitaji, kwenye muhtasari wa kikao, nilikumbuka maana moja tu, ile finyu kuliko zote.

Hapa lazima nirudi kwenye Warumi 10:17, mstari ambao nimeusikia ukihubiriwa pengine kuliko wowote mwingine, kwamba imani inatokana na kusikia. Kama kusikia ni kwa sikio peke yake, mstari huo ni hukumu kwa kila kiziwi. Wala si hofu ya kubuni. Augustino, askofu wa Hippo, ambaye Kanisa la Magharibi limejifunza kwake kuliko karibu mwalimu mwingine yeyote, aliandika alipokuwa akibishana na Juliano kwamba uziwi wa kuzaliwa huizuia hata imani yenyewe, na akautaja mstari huu. Linalonishangaza ni kwamba Augustino huyohuyo, katika kitabu cha miaka mingi kabla ya hapo, kilichoandikwa kama mazungumzo kati yake na mwanawe Adeodato, alikuwa amekumbusha kwamba viziwi huulizana na kujibizana kwa ishara, na hufundishana kwa hizo. Alikuwa ameliona kwa macho yake. Lakini alipofika kwenye hoja kubwa alikisahau alichokiona. Namwelewa kabisa. Nami nilimwona yule binti kila Jumapili.

Paulo hakuandika juu ya masikio. Neno la Kigiriki alilotumia, akoe, ni kusikia na pia ni ile habari yenyewe iliyopokelewa. Katika mstari wa 16, sentensi moja nyuma, neno hilohilo tunalisoma katika Biblia zetu kama habari. Analosema ni kwamba imani haizuki tumboni mwa mtu, hutoka nje, huletwa na mwingine, na mtu huguswa nayo. Imfikie kwa mlango gani, hilo ni jukumu la anayeileta. Zaidi ya miaka 1,300 baada ya Augustino, karibu mwaka 1760, padre mmoja wa Paris, Charles-Michel de l'Épée, alikutana na ndugu wawili wa kike ambao ni viziwi, akaogopa kwamba wangekufa bila mafundisho ya dini. Hakukaa kungoja wajifunze kusikia. Alikaa chini akajifunza ishara, akawafundisha kwa ishara, na kutoka kwenye shule yake zikazaliwa shule nyingine nyingi za viziwi. Kwa maneno mengine, alibadili mlango.

Mtu ataniuliza: mbona Bwana Yesu alimponya yule kiziwi wa Dekapoli? Kama uziwi si upungufu, alimponya nini? Swali ni la haki, na sitaki kulikwepa. Uziwi ni upungufu. Yule binti aliwahi kuponea chupuchupu barabarani. Sitaki kuwa miongoni mwa wale wanaopamba mzigo wa mwenzao kwa maua. Lakini isomeni Marko 7 taratibu, kama ambavyo kiziwi angeitazama. Yesu anamtenga na mkutano, mahali ambapo hakuna watu wengi wanaosema kwa pamoja. Anamtia vidole masikioni. Anatema mate, anamgusa ulimi. Anainua macho mbinguni. Anaugua, na kuugua huonekana, mabega hupanda na kushuka. Yote hayo yanatangulia. Ndipo anatamka neno moja, Efatha. Kabla mtu yule hajaweza kusikia hata silabi, alikwishaambiwa kila kitu, kwa vidole, kwa mate, kwa macho na kwa pumzi. Uponyaji ulikuja mwisho. Mazungumzo yalianza kabla, katika lugha ambayo yule mtu aliiweza.

Ndiyo maana kisa cha Glennie kuingia chuoni kinanisumbua zaidi ya ufundi wake wote. Alipoomba nafasi katika Royal Academy of Music, chuo kikubwa cha muziki cha London, kwanza aliambiwa haiwezekani, kwa kuwa hawakuwa na picha yoyote ya maisha ya mbele ya mwanamuziki kiziwi. Walisema kweli. Hawakuwa nayo. Hata sisi hatukuwa na picha ya mwanakwaya kiziwi. Yeye alijibu, kwa maelezo yake, kwamba kama wanamkataa kwa sababu hiyo, na si kwa uwezo wake wa kupiga, kuelewa na kupenda kazi ya kuumba sauti, basi wafikirie upya ni watu gani hasa wanaowapokea. Ilibidi asikilizwe mara mbili. Akapokelewa mwaka 1982, na akamaliza 1985. Anasimulia kwamba baada ya hapo utaratibu ulibadilika, si chuoni pale tu bali katika vyuo vya muziki vya Uingereza: mwombaji hakataliwi kwa kuwa hana mkono au hana usikivu, kila mmoja asikilizwe kwanza, kisha ndipo aamuliwe.

Asikilizwe kwanza. Sisi tulikuwa na ajenda ya kuamua kama binti anaweza kusikia, na hatukumsikiliza. Hatukumwita aimbe ubeti mmoja. Hatukumwuliza swali, hata kwa kuandika kwenye karatasi. Sasa nani katika chumba kile alikuwa asiyesikia? Sisemi hivyo ili nionekane mnyenyekevu. Ni swali ambalo ningependa wajumbe wa kamati zetu waliulize kwa maana yake ya kawaida kabisa, wakiwa na majina ya waombaji mezani.

Kazi aliyoichagua Glennie baada ya chuo nayo ina jambo ndani yake. Mpiga ngoma wa okestra hukaa nyuma kabisa na kuhesabu. Katika simfoni ya tisa ya Dvořák, ile iitwayo ya Ulimwengu Mpya, mpiga matoazi ana pigo moja tu katika kazi nzima ya dakika arobaini na kitu. Huyo namheshimu sana. Ningependa kwaya zetu ziwe na watu wanaojua kukaa kimya kiasi hicho. Lakini Glennie alitaka kusimama mbele, kama wanavyosimama wapiga fidla na piano, na hapo hapakuwa na njia. Mpiga piano kijana ana Mozart na Beethoven wa kupiga mpaka azeeke. Kwa ngoma na marimba kulikuwa na kazi chache mno zilizoandikwa kwa ajili ya mpigaji mmoja mbele ya okestra. Darius Milhaud wa Ufaransa aliandika moja mwishoni mwa miaka ya 1920, na nyingine chache zikafuata. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa ameifanya iwe kazi yake ya kudumu. Ilimbidi awaendee watunzi mmoja mmoja na kuwaomba waandike. Zimefika zaidi ya 200 hizo kazi alizoomba. Vijana waliokuja nyuma walikuta barabara. Mwaka 1994 Colin Currie, kijana wa Edinburgh, alifika fainali ya shindano la BBC la wanamuziki chipukizi akiwa mpiga ngoma, na mwaka 1998 mpiga ngoma mwingine, Adrian Spillett, akalishinda. Mtu akituambia hana picha ya njia ya mbele kwa mtoto fulani, pengine anasema tu kwamba hakuna aliyewahi kuombwa kuitengeneza.

Kati ya kazi hizo moja ni yetu sisi Wakristo kwa namna ya pekee. James MacMillan, Mskoti mwenzake na mwamini Mkatoliki, alianza kuitunga Jumapili ya kwanza ya Majilio mwaka 1991 na akaimaliza siku ya Pasaka mwaka 1992. Inaitwa Veni, Veni, Emmanuel, na imejengwa juu ya wimbo wa kale wa Majilio unaomwita Imanueli aje. Glennie aliipiga kwa mara ya kwanza tarehe 10 Agosti 1992, katika ukumbi wa Royal Albert Hall, London, na okestra ya Scottish Chamber Orchestra. Tangu hapo imepigwa mamia ya mara duniani. Ndani yake kuna mapigo ya moyo yanayorudi tena na tena, na MacMillan ameeleza kwamba yanasimama badala ya uwepo wa Kristo kama mwanadamu. Mapigo ya moyo ndiyo sauti ambayo kila mmoja wetu aliisikia kwanza, tumboni mwa mama yake, na hata wale waliozaliwa viziwi kabisa walitikiswa nayo miezi tisa.

Mwisho wa kazi hiyo ndio ninaourudia mara kwa mara. Baada ya dakika 25 za kukimbia kutoka ala moja hadi nyingine, mpigaji anaondoka mbele. Anapanda nyuma ya okestra, kwenye kengele ndefu za mirija zilizowekwa juu. Wanamuziki wengine nao wanaacha vyombo vyao na kuchukua vipande vidogo vya chuma, wanavigonga, na ukumbi mzima unakuwa mlio mmoja wa Pasaka. Yule aliyekuwa peke yake amerudi nyuma, na wote wamekuwa wapiga kengele. Kisha mikono inasimama, na sauti inaachwa ife yenyewe. Huwa inachukua muda. Huwa najiuliza, usiku ule wa kwanza, kati ya maelfu waliokuwemo na yule mwanamke aliyesimama karibu na chuma kilichokuwa bado kinatetemeka, nani alijua kwa hakika imekwisha lini.

Niseme pia jambo linaloweza kuharibu insha hii. Glennie hapendi kuitwa mwanamuziki kiziwi. Ameeleza zaidi ya mara moja kwamba uziwi wake si habari kubwa kwake, kama vile mwingine asivyojitambulisha kwa rangi ya macho yake, na kwamba anataka watu waje kwa ajili ya muziki. Mwaka 2012 aliongoza wapiga ngoma 1,000 katika ufunguzi wa Michezo ya Olimpiki London, na mwaka 2015 alipewa tuzo ya Polar huko Sweden. Hapo hakuwa anaonewa huruma na mtu. Nami nimetumia kurasa kadhaa kufanya kile asichokipenda, nikamgeuza kuwa fundisho. Sina jibu zuri. Wala sitaki mtu asome kisa hiki halafu amwendee mzazi wa mtoto kiziwi na kumwambia, mbona yule wa Uskoti aliweza? Wengi wa viziwi hawana haja na muziki, wana lugha yao ya alama na maisha yao, na kuwadai ngoma ni kuwatwika mzigo mwingine. Binti wa usharika wetu hakuwa Evelyn Glennie. Huenda angeimba vibaya. Huenda mwalimu wa kwaya alikuwa sahihi. Hatutajua, na kutojua huko tulijitengenezea wenyewe.

Mwaka jana nilipata namba yake. Sasa ana watoto wawili, na ana cherehani yake mjini. Nilimwandikia ujumbe mrefu, nikaufuta, nikaandika mwingine, nikaufuta, kwa sababu kila mara uligeuka kuwa wa kujitetea. Mwisho nilimwuliza kama anakumbuka lile ombi la kwaya, nikamwomba msamaha, na nikamwuliza kwa nini alikuwa anakaa pale kwenye spika. Kimya siku mbili. Ya tatu likaja jibu.

"Shikamoo mama. Nakumbuka. Pale besi ilikuwa inapita kwenye benchi, na ngoma ilikuwa inakuja kwenye ubao wa jukwaa, nikivua viatu naipata vizuri. Nyimbo za miaka ile nazijua mpaka leo. Nyie soprano ndio sikuwahi kuwapata."

Kuhusu msamaha hakuandika kitu, nami sijamwuliza tena. Nimeimba soprano miaka 30.